Toleo la Pili Halina Tofauti

Bado ninayo karatasi iliyokuja ndani ya katoni ya bodi mpya za kielektroniki. Imeandikwa kwa Kifaransa cha kuokoteza, na mstari wake wa mwisho unasema kwamba toleo la pili halina tofauti yoyote kwa mtumiaji. Nimeibandika ukutani juu ya meza yangu hapa Rumonge, mahali ambapo wenzangu hubandika picha ya harusi. Mtu akiniuliza kwa nini siamini karatasi, namwonyesha hiyo.

Kifaa chenyewe kilikuwa kasha la plastiki la kijivu, ukubwa wa tofali. Juu lilikuwa na kibati cha kuonja unyevu, ndani kipimo cha mgandamizo wa hewa, na mbele taa moja nyekundu. Kazi yake ilikuwa kuwaambia wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wa huku, kando ya ziwa kwamba mvua inakaribia, kama nusu saa kabla haijafika, ili wafunike samaki. Taa ikiwaka, mvua inakuja. Hiyo ndiyo akili yote iliyokuwemo humo, ingawa katika hati za mradi ilichukua kurasa nyingi na michoro yenye mishale.

Mkuu wa mradi, ambaye sote tulimwita shefu, alikaa Bujumbura. Katika muda wote niliofanya kazi naye alifika kwenye vichanja vya samaki mara mbili. Mara ya kwanza alikuja kuzindua makasha. Mara ya pili alikuja kuyazindua tena, kwa sababu picha za mara ya kwanza zilionyesha zaidi mgongo wa mgeni rasmi. Mara zote mbili alifunga pua kwa kitambaa na kusema kwamba hewa ya ziwa ni nzuri.

Mimi niliandika kiendeshi. Kwa asiyejua, kiendeshi ni kile kipande cha programu kinachosimama kati ya akili ya mashine na viungo vyake. Akili inasema, "Washa taa." Kiendeshi ndicho kinachojua taa iko kwenye mguu gani wa chipu na mguu huo unataka nini. Ni kazi ya dalali: anayeagiza hamjui anayetenda, na wote wawili wakigombana, anayetukanwa ni wewe.

Niliajiriwa kwa kuwa nilikuwa na diploma na kompyuta yangu mwenyewe. Pia nina mazoea ya kuandika kwenye daftari saa na maneno ya watu, jambo ambalo shefu alilisifu kama nidhamu, kabla hajagundua kwamba naandika na ya kwake.

Kasha la Gitaza, kijiji cha ufukweni kwenye njia ya Bujumbura, lilipewa kikundi cha wanawake kumi na mmoja. Vichanja vyao, meza za wavu wa waya zilizosimama juu ya miti, vimepangwa kati ya barabara na maji, na kila mwaka ziwa linapopanda linawamegea nafasi kidogo. Juu yao kuna jiwe kubwa jeusi. Kabla ya kasha, kila siku mmoja wao alikaa juu ya jiwe hilo tangu asubuhi, akitazama milima ya ng'ambo upande wa Kongo na vilima vya nyuma ya mgongo wake. Siku hiyo hakugusa samaki. Wenzake walimgeuzia wa kwake. Akiona wingu lisilompendeza, anapiga kelele, na wote wanakimbilia shitingi, yale maturubai ya plastiki. Waliiita zamu ya jiwe.

Aliyewashawishi waiache zamu hiyo ni mwanamke wa makamo aliyevuka kutoka Kivu Kusini miaka mingi iliyopita, mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayepatana bei hata anaposalimia. Nilikuwepo siku kasha lilipofungwa, na maneno yake nimeyaandika. "Kila siku tunapoteza mikono mbili juu ya jiwe," alisema. "Hii kitu haina mikono, acha njo ikae pale."

Wenzake hawakupenda. Jirani yake, mwanamke mnene wa kichanja cha pili, mzaliwa wa Muhuta, alimuuliza, "Na ikitudanganya?"

"Ikitudanganya, mutachukua kichanja changu."

Si maneno madogo. Kichanja chake kilikuwa cha kwanza, kando kabisa ya barabara, kinachopata jua mpaka jioni na ambapo magari ya wanunuzi husimama. Cha mwisho kiko chini ya mteremko, penye mfereji, na jua linakiacha alasiri. Walikubaliana mbele ya wote: kasha likiwapoteza samaki, yeye anahamia chini. Wakamwita mama wa taa, nusu kwa heshima na nusu kwa kungoja.

Shefu aliandika katika ripoti kwamba jamii imekipokea kifaa kwa shangwe.

Bodi za toleo la pili zilifika miezi michache baadaye, pamoja na ile karatasi. Nilichukua moja, nikaifunga juu ya meza, nikaweka programu. Taa ikawaka papo hapo, mchana wa jua kali. Nikamwaga maji juu ya kibati cha unyevu. Taa ikazimika.

Ilinichukua siku nzima na kioo cha kukuzia cha fundi saa kujua kilichotokea. Mtengenezaji alikuwa amebadilisha transista moja, pengine kwa sababu alipata ya rahisi zaidi. Kwenye toleo la kwanza, ukiupa mguu wa taa umeme, taa inawaka. Kwenye la pili, ukiupa umeme inazimika, ukiunyima inawaka. Jambo lilelile lililopinduliwa miguu juu. Kwake hiyo haikuwa tofauti. Nilimwandikia kuuliza, akajibu kwa adabu nyingi kwamba bidhaa yake ina ubora wa kimataifa.

Njia ya kushughulikia mambo kama haya inajulikana. Kiendeshi kinapaswa kutambua kimewekwa kwenye toleo gani, kisha kitende kulingana na hilo. Swali ni kitatambuaje. Shefu alikuwa na jibu, kama kawaida ya watu wasiojua swali. Kila kasha lilikuwa na nambari, na nambari hiyo ilihifadhiwa kwenye kadi ndogo ya memori iliyochomekwa ubavuni mwa kasha. "Makasha ya zamani yako chini ya thelathini," alisema. "Mapya yanaanzia thelathini. Programu isome nambari. Voilà." Alikuwa na orodha kwenye kompyuta, yenye rangi kila safu, na aliipenda orodha hiyo kama mtu anavyopenda shamba lake.

Wazo lilitoka kwake na mimi nililikubali, kwa hiyo nalidharau mara mbili. Kumtambua mtu kwa shati alilovaa ni akili ya askari wa getini. Lakini niliandika hivyo, kwa sababu ilikuwa rahisi na kwa sababu ilikuwa Ijumaa.

Kitu ambacho shefu hakukijua, na ambacho mimi niliyezaliwa hapa Rumonge nilipaswa kukijua, ni habari ya rangi. Huku ziwani kila kitu kina rangi ya mwenyewe. Kasia, beseni, taa ya kuvulia, mpaka kiti cha plastiki, kimepigwa mistari au nukta au msalaba, na mtu akipeleka kitu kwa fundi anataka kukipokea kikiwa na alama yake. Ndani unaweza kubadilisha utumbo wote, hatauliza. Ganda ukilibadilisha, umemwibia. Nimewahi kuona mvuvi akikataa taa mpya kabisa na kudai ile bovu yake yenye nukta za njano.

Makasha yetu hayakumaliza wiki bila rangi. La Gitaza lilipigwa mistari mitatu ya kijani.

Na makasha yaliharibika, tena sana, kwa sababu betri zilizonunuliwa na mradi zilivuja. Yakaletwa kwa fundi wetu, mzee wa mtaa wa Waswahili hapa mjini, ambaye ametengeneza redio na taa za wavuvi karibu na soko tangu kabla sijazaliwa. Mkono wake wa kulehemu ni msafi kuliko wa kile kiwanda chenye ubora wa kimataifa. Kasha la mistari ya kijani lilipofika likiwa limeliwa na maji ya betri, alitoa bodi iliyokufa, akaweka mpya ya toleo la pili, na kadi ya memori ya zamani akairudisha mahali pake. Kwa maoni yake kadi ilikuwa kitambulisho cha mwenye kasha, na kitambulisho hakibadiliki kwa sababu mtu amepasuliwa tumbo. Nambari ikabaki ya chini ya thelathini, utumbo ukawa wa juu yake. Programu ikasoma shati, ikamsalimia mtu asiyekuwepo.

Nilijua kwa sababu fundi mwenyewe aliniambia. Nilikuwa napita mbele ya meza yake asubuhi, naye bila kuinua macho akasema, "Enjenieri, ile kasha ya Gitaza inasema kinyume. Iko inawaka juani, mvua ikikuja inazimika."

"Tangu lini?"

"Tangu niliitengeneza. Kama miezi miwili. Lakini wale bamama walisha kuizoea."

"Mzee, kinyume ni kinyume," nilimwambia.

"Miye nimekuambia tu," alisema, akapuliza moshi wa risasi ya kulehemu.

Kwenye daftari langu la siku hiyo nimeandika: *Gitaza, kasha linasema kinyume.* Sikuandika sehemu ya pili. Mtu anayejisifu kwamba huandika kila analosikia aliandika nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyokuwa habari.

Nilichofanya baadaye kilikuwa kazi nzuri, na nasema hivyo bila kujipendekeza. Nilikaa na bodi mbili chini ya kioo mpaka nikapata tofauti nyingine ambayo karatasi haikuitaja. Mguu mmoja wa chipu, usio na kazi, kwenye toleo la kwanza ulikuwa unaning'inia bila kushikwa na kitu. Kwenye la pili ulikuwa umefungwa chini kwa rizista ndogo kama chembe ya chumvi. Mtu fulani kiwandani, mmoja tu mwenye akili, alikuwa ameweka alama. Nikaandika kiendeshi upya: kasha linapowashwa, kinauvuta mguu huo juu kidogo kwa umeme kutoka ndani ya chipu. Ukikubali kupanda, hili ni toleo la kwanza. Ukigoma, ni la pili. Nambari ya kasha haihusiki tena, na orodha ya shefu inabaki kuwa pambo. Bodi inaulizwa yenyewe, inajibu yenyewe, hata ukiivika kasha la nani.

Niliijaribu mara nyingi. Nilifurahi mno. Nilimwita fundi aje aone, akaangalia, akasema, "Sawa," akarudi kwenye redio zake.

Nilipaswa kwenda Gitaza mwenyewe. Lakini wakati ule mafuta yalikuwa haba, watu walilala na magari yao kwenye foleni, na shefu alisema kadi ya memori haihitaji mwalimu. Kwa hiyo niliweka programu mpya kwenye kadi, nikaifunga katika bahasha, nikampa dereva wa gari la samaki. Ndani niliandika kwa mkono: *Weka kadi hii, zima, washa. Kosa limerekebishwa.*

Mama wa taa aliweka kadi, akazima, akawasha. Kosa gani, hakuuliza. Kwake hapakuwa na kosa.

Siku tatu baada ya kuituma, siku ileile aliyoiweka, alinipigia simu. Ilikuwa saa kumi alasiri, na nyuma yake nilisikia maji yakimwagika kutoka kwenye plastiki.

"Enjenieri, amahoro."

"Amahoro, mama."

"Nauliza kitu moja tu. Ile kadi ulituma, ilikuwa inatengeneza nini?"

"Taa. Ilikuwa inawaka kinyume. Sasa iko sawa."

"Iko sawa namna gani?"

"Ikiwaka, mvua inakuja. Kama mwanzoni."

Nilisikia mtu akimuuliza kitu kwa Kirundi.

"Basi ilituambia," alisema. "Ilizimika kwanza, tukafunika. Halafu ikawaka vizuri, tukafunua. Tulikuwa tunaiangalia, tunasema leo jua iko nasi."

"Na samaki?"

"Wa siku ya pili. Wote."

Ndagala akinyeshewa siku ya kwanza, unaweza kumwanika upya. Wa siku ya pili ameshaanza kukauka. Akiloa analainika, anatoa harufu, na hakuna gari litakalosimama. Nililijua hilo kama kila mtu wa huku. Nikajibu neno la kijinga. Nilisema, "Lakini kiendeshi kinafanya kazi."

"Murakoze," alisema, asante ya Kirundi, akakata simu.

Miezi miwili kabla, kasha liliporudi kutoka kwa fundi, alikuwa amekaa nalo siku mbili akiliangalia. Aliona linawaka juani na kuzimika kabla ya mvua. Hakupeleka malalamiko popote. Alibadilisha sheria: taa ikizimika, funikeni. Wenzake wakajifunza kwa siku moja, na miezi yote miwili hawakupoteza hata kiganja kimoja cha samaki. Mimi, kwa kioo na diploma, niliwapokonya kitu kilichokuwa kinafanya kazi, nikawaandikia kwamba nimewarekebisha.

Nilimpigia shefu. Alisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayesoma kitu kingine, kisha akauliza kama kuna picha. Nikasema hapana. "Vizuri," alisema. Akaniambia kwamba kiendeshi kilikuwa sahihi, kwamba hati za mradi zilisema tangu mwanzo taa nyekundu ni mvua, na kwamba kilichotokea kina jina: erreur d'utilisation, kosa la mtumiaji. Angeandika barua nami ningeisoma mbele ya kikundi, kwa upole. Barua ingependekeza kikundi kichague mtunza taa mwingine, mwenye uelewa zaidi.

"Watamtoa kwenye kichanja chake," nilisema.

"Hayo ni mambo yao ya ndani."

Barua ilikuja ikiwa na muhuri. Nikapanda pikipiki siku ya mkutano, kwa mafuta ya chupa yenye rangi ya kutia shaka, na njia nzima nilikuwa najipangia maneno. Nilijiambia kwamba barua nitaisoma kwa sababu nimetumwa, halafu mbele ya safari tutaona. Ndivyo waoga wanavyoita mpango.

Nilipofika, kichanja cha kwanza kilikuwa kitupu. Mama wa taa alikuwa chini kabisa, kando ya mfereji, anageuza samaki wake kivulini. Wenzake hawakungoja mkutano. Makubaliano yalikuwa makubaliano. Mkutano ulikuwa wa kuamua tu kama ni kwa msimu au kwa daima, na nani achukue nafasi ya barabarani.

Jirani wa kichanja cha pili alinipokea. "Amahoro, enjenieri. Leo umekuja na jua ao na mvua? Maana hatujue tena kuuliza nani."

Wengine wakacheka, si kwa furaha.

Wakaketi juu ya mabeseni yaliyogeuzwa. Mama wa taa alipanda kutoka chini, akasimama nyuma. Nikatoa barua, nikaisoma kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili. Nilipofika penye kosa la mtumiaji nilisoma haraka, kama mtu anayevuka barabara.

Nilipomaliza, mama wa taa akauliza kutoka nyuma, bila hasira, "Ile ni barua ya shefu. Na weye unasemaje?"

"Mimi nimetumwa kuisoma."

"Nimesikia umeisoma. Masikio iko. Nauliza weye, mwenye kadi."

Nilikunja barua. Ningependa kuandika kwamba nilisimama kiume, lakini nilizungumza nikiangalia magoti yangu. Nikawaambia kwamba bodi ilibadilishwa kwa fundi, kwamba programu yangu ya kwanza ilisoma nambari badala ya kusoma bodi, na ndiyo maana taa ilipinduka. Nikawaambia kwamba fundi alinieleza wazi kuwa wameizoea, nikapuuza. Kwamba niliigeuza tena bila kuuliza mtu na bila kuandika nimegeuza nini. "Taa haikudanganya," nilisema, "na mama hakukosea. Nimewapoteza mimi."

Jirani alijigeuza juu ya beseni lake akamtazama mama wa taa, kisha akanitazama. "Basi kichanja cha chini ni chako, enjenieri. Leta samaki."

Safari hii walicheka kweli.

"Sina samaki," nilisema.

"Hatujakosa kuona."

Mama wa taa hakucheka. Alikuja mbele, akachukua kasha kutoka kwenye nguzo yake, akaliweka mapajani kwangu, taa yake ikiwa imezimika. "Unataka kuitengeneza tena?"

"Nitaacha kama ilivyo sasa, ila nitawaeleza vizuri. Ikiwaka, mvua."

"Sikia. Betri ya hii kitu inakufaga?"

"Inakufa, ndiyo."

"Ikikufa, taa inafanya nini?"

"Inazimika."

"Na kwa weye, taa yenye kuzimika inasema nini?"

Kwa mimi, na kwa shefu, na kwa kurasa zote zenye mishale, taa iliyozimika ilisema jua. Betri zetu, zile zilizokuwa zinavuja, zikifa, kasha letu lingewaambia wanawake kumi na mmoja kwamba hali ni shwari.

"Kwetu taa yenye kuzimika ilisema funika," aliendelea. "Betri ikikufa, tunafunika bure, tunakasirika, tunakuita. Samaki wako kavu. Ya kwako betri ikikufa, tunaota jua na samaki. Nani alifikiri hii kitu?"

"Watu wengi," nilisema.

"Inaonekana."

Nilitoa kompyuta kwenye begi, nikaiweka juu ya kichanja kitupu cha kwanza, na pale pale mbele yao, nzi wakitembea juu ya kioo, nilibadilisha mstari mmoja. Utambuzi wa bodi niliuacha. Ule ulikuwa mzuri. Nilichogeuza ni maana: bodi iwe ya toleo gani, taa iwake wakati wa ukavu na izimike kabla ya mvua. Juu ya mstari huo, mahali ambapo mwandishi wa programu huacha maelezo kwa atakayekuja baada yake, niliandika maneno ya mama wa taa: *Taa ikizimika, funika.* Na yapo mpaka leo katika makasha yote saba yaliyo hai bado ufukweni. Kabla ya kugusa la pili, na la tatu, mpaka la saba, nilikwenda kwenye kila kikundi kwa miguu yangu, nikauliza kwanza wao wanaisomaje.

Lakini siku ile ilikuwa ya Gitaza. Wanawake walishauriana kwa Kirundi, haraka, na jirani akatoa hukumu. Mama wa taa anarudi kichanja chake, kuanzia sasa. Kasha linabaki kwa majaribio. Na zamu ya jiwe inarudi kwa siku moja, kulipima kasha, na aliye zamu ni enjenieri.

Nikadhani ni utani. Jirani akanionyesha jiwe kwa kidevu.

Nilikaa juu ya jiwe hilo kuanzia saa tano. Ni jiwe la moto na halina mahali pa kuegemea. Chini yangu mama wa taa alikuwa anapandisha samaki wake kutoka mferejini, beseni baada ya beseni, na jirani akimsaidia huku akilalamika kwamba wamelala upande mmoja kama watoto wasiogeuzwa. Nilitazama milima ya Kongo kwa bidii. Ilikuwa ya buluu na haikuniambia kitu.

Saa nane simu ikaita. Ilikuwa shefu. Nilikuwa nimemtumia ujumbe kumweleza nilichobadilisha, nikamshukuru kwa barua.

"Umefanya nini?" aliuliza. "Taa nyekundu inawaka wakati wa usalama? Nyekundu ni hatari, duniani kote. Wafadhili watasema nini?"

"Nitawauliza hapa," nilisema. Nikapaza sauti kuelekea chini: "Mama, shefu anasema nyekundu ni hatari duniani kote."

Hakuinua kichwa. "Muulize kama nyanya anazikimbiaga."

"Anauliza habari za nyanya, shefu."

Shefu alianza kueleza habari ya viwango, na uthabiti wa nembo, na kwamba mtumiaji hawezi kuachiwa kuamua mashine inamaanisha nini. Mimi nilikuwa nimekazia macho Kongo, ambako anga lilikuwa safi kabisa, na nilianza kufikiri kwamba zamu yangu itaisha bila aibu. Ndipo nikasikia plastiki ikikunjuliwa.

"Enjenieri," mama wa taa aliita. Alikuwa tayari amefunika nusu ya kichanja chake, na kasha la mistari mitatu ya kijani kwenye nguzo halikuwa na mwanga. "Taa imezimika. Weye unalinda nini huko, mupaka ya Kongo?"

Niligeuka. Wingu lilikuwa nyuma yangu, limeshuka vilimani upande wa kwetu, jeusi, karibu, na sikuwa nimelitazama hata mara moja.

"Shefu," nilisema, "naomba radhi, mtumiaji ameamua," nikakata simu, nikashuka kushika ncha ya pili ya shitingi.